Watoto Niliowashika Chumba cha Eksirei

Wanangu mliobaki kwenye chumba cha eksirei mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Kusahau si rahisi hivyo. Kuchoka ndiko rahisi, na mimi nimechoka. Mgongo wangu umebeba aproni ya risasi, ya kukinga miale, tangu ujana mpaka juzi, na hata sasa nikiamka asubuhi unaniuma kana kwamba wangojea mzigo wake. Kwa hiyo nitaandika kidogo kidogo, na nitaandika ile miaka ya kwanza tu, ya vita vikuu vya pili na iliyofuata. Ya baadaye mwayajua wenyewe, na mashine zake mwazijua kuliko mimi. Wala sitaandika nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa. Waliopandishwa wajijua.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya buibui. Wanawake wa mjini walikuwa wakiletwa hospitali na vifua vyao, na mimba zilizoharibika, na mifupa iliyovunjika, lakini wakifika mlangoni mwa chumba cha eksirei wakaambiwa wavue nguo mbele ya mwanamume wasiyemjua, tena kwenye giza, waligeuka wakarudi nyumbani. Mkuu wa wauguzi, Mzungu mmoja mkali lakini mwenye akili, akaona atafute mwanamke wa hapa hapa mjini akae nao. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa shangazi yangu mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, nashona kofia. Kusoma nilijua, na Kihindi cha dukani nilijua. Mtu akanitaja.

Kaka yangu alikasirika. Alikuja kwa shangazi akakaa kizingitini, akasema, "Zuhura, utakwenda hospitali kuwavua watu nguo?"

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akamwambia, "Yuwaenda kuwafunika. Wawavuao ni wale wengine."

Basi nikaenda.

Siku ya kwanza nakumbuka harufu. Ilikuwa kama siki iliyomwagwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Nyaya zilipita juu ya kichwa, nene, na katikati palikuwa na meza ya mbao nyeusi, na juu yake kitu kama jicho kubwa kikining'inia. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kibokoni mwenye kikohozi. Nikamshikia buibui lake, nikamfunika kwa shuka, nikamwambia asiogope.

Aliyeiendesha mashine ile aliitwa Bwana Mendes. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Unguja, mtu mfupi mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka wagonjwa walikuwa wakigeuka kumtazama. Aliniona nimejibana ukutani.

"Ukiisikia imenguruma, ujue imekwisha," akaniambia. "Haiumi."

Nikatazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa kavu, imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha zimegawanyika. Nikamuuliza, "Na vidole vyako vimefanywa nini?"

"Na mashine hiyo."

"Si umesema haiumi?"

"Haiumi siku ile," akasema, akaendelea na kazi.

Baadaye alinieleza. Alipoanza kazi, zamani, walikuwa wakiipima nguvu ya mashine kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele yake na kuitazama mifupa. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mkono. Hakuna aliyewakataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Kwa hiyo somo langu la kwanza kwake halikuwa la mashine. Lilikuwa kwamba mkono wangu usiingie penye miale, hata mtoto akilia vipi, hata daktari akiwa na haraka vipi, bila ya zile glavu nzito za risasi. Nimelishika somo hilo. Mikono yangu hii niandikayo nayo ni mizima, na ni kwa ajili yake.

Nyinyi hamkuijua shida ya joto. Filamu ilisafishwa kwa mkono, ndani ya chumba cha giza, katika birika za dawa, na dawa ile yataka ubaridi. Mombasa, mwezi wa pili, ubaridi utautoa wapi? Dawa ikipata moto, ile ngozi nyembamba yenye picha ililainika ikateleza ikatoka kwenye filamu kama utando wa maziwa, na pafu la mtu likabaki chini ya birika. Ilibidi barafu iletwe kila asubuhi kutoka kiwandani, imefungwa gunia na unga wa mbao, tuizungushe nje ya birika. Siku ambayo barafu haikuja, hatukupiga picha ila ya anayekufa. Halafu vita vikaja, filamu zikawa zangojea meli, na meli zamngojea Mungu. Kila filamu tuliyoitumia tuliifikiria kwanza. Bwana Mendes alikuwa akiishika kwa pembe zake kama mtu ashikaye mkate wa mwisho.

Watoto waliniangukia mimi bila ya mtu kupanga. Wanaume hawakuwa na subira nao, na mama zao walikuwa wakilia pamoja nao. Nitawaambieni nililojifunza, maana hili halikubadilika hata mashine zilipobadilika. Usimwambie mtoto kwamba haiumi. Aliyemchoma sindano naye alimwambia hivyo hivyo. Mwambie atakachosikia na atakachoona, kisha kiwe vile vile ulivyosema. Usimkandamize, maana ukimkandamiza atashindana nawe, na mtoto mgonjwa akishindana ana nguvu za ajabu. Na akilia, mwache alie. Mwisho wa kilio kirefu, kabla hajavuta pumzi, mtoto hutulia kidogo sana. Mimi nilijifunza kukisikia kituo kile. Nikisema "sasa," Bwana Mendes alibonyeza.

Wengi walikuja na mifupa iliyovunjika na vifua vya kawaida. Saratani hatukuizoea kwa watoto, na mjini hata jina hilo halikutajwa kwa mtoto. Wazee walisema uvimbe, wakanyamaza.

Wa kwanza niliyemjua vizuri alikuwa Athmani, wa Likoni, kijana wa chuo cha Kurani, umri wa kuanza kuota ndevu za masihara. Baba yake alivuka naye feri akiwa amembeba mgongoni, na miguu ya kijana yafika magotini kwa baba. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, lang'aa. Walidhani aliumia kwenye mpira. Lilikandwa, likasomewa, likapakwa kila kitu. Tulipompiga picha, Bwana Mendes aliitoa filamu majini akaiweka penye taa. Mfupa juu ya goti ulikuwa umeliwa, na pembeni umetoa miiba miiba, kama ya mgunga.

Daktari mpasuaji alikuwa Mwingereza ambaye mji mzima ulimwita Daktari Mrefu, hata yeye mwenyewe alijiita hivyo akizungumza na wagonjwa. Akamwambia baba kwamba mguu utakatwa juu kabisa, penye paja, na akampa nafasi aende akafikiri. Baba alikwenda. Sijui alipambana na nani huko kwao, na mama wa kijana, na ndugu, na nafsi yake. Aliporudi alikuwa amekonda. Akasema, "Nimekubali. Kateni."

Lakini Daktari Mrefu alikuwa na kanuni yake. Hakati mguu wa mtu mwenye ugonjwa ule mpaka aone kifua. Tukampiga Athmani picha ya kifua. Alisimama mwenyewe, amejishika kwenye stendi, na alinitania kwamba baridi ya ubao ule ndiyo baridi pekee Mombasa. Picha ilipotoka, mapafu yote mawili yalikuwa na vivuli vyeupe vya duara, vimetapakaa kama punje za mtama.

Nilikuwapo daktari alipomwambia baba kwamba hatakata. Baba hakuelewa. Alidhani ameudhi mtu.

"Mimi nimeshakubali," akasema. "Nimekwambia kateni. Mbona hamkati?"

"Ugonjwa umeshafika kifuani," daktari akasema. "Nikikata mguu, nitamuumiza bure. Mchukue nyumbani. Nitakupa dawa ya maumivu."

"Basi kifua nacho?"

"Kifua sina la kukifanya."

Baba akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu wake pale, mtu wa dini yake na lugha yake. Nikamsaidia kumweka kijana mgongoni.

Nilikasirika siku zile. Nilimwambia Bwana Mendes kwamba picha yetu imemuua mtoto wa watu. Alikuwa anafuta meza. Akasema, "Picha yetu imemwachia mguu wake. Ni kidogo, lakini ndicho tulichokuwa nacho." Athmani alifariki kabla ya mvua za masika. Nikavuka kwenda kwenye matanga. Baba yake alinipokea kwa adabu, akanishukuru kwa kuja, na katika mazungumzo akasema, "Alhamdulillahi, tumemzika mzima." Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Ilikuwa ya kuonyesha pa kukatia, na mara nyingine ya kuonyesha kwamba pasikatwe. Sikufurahi kuielewa.

Vita vikaisha. Filamu ziliendelea kuchelewa kama kawaida, ila sasa hatukuwa na wa kumlaumu. Ndipo alipoletwa Maimuna.

Maimuna alikuwa mtoto mdogo, ameanza tu kusema maneno yakaeleweka. Baba yake, Salim, alikuwa mpishi wa halua Mji wa Kale, mwenye mikono minene kwa kukoroga. Mama yake, Mwanahamisi, alikuwa msichana bado. Mtoto alikuwa na tumbo lililojaa upande wa kushoto, gumu, na mwili mwingine wote umekwisha. Kila mtoto wa pwani hii aliyewahi kuugua malaria ana bandama iliyovimba, na kila aliyemwona Maimuna alisema bandama. Alinyweshwa kwinini mpaka masikio yakawa yavuma.

Daktari Mrefu alipomshika tumbo hakuridhika. Alisema bandama ina ukingo, na mtoto akivuta pumzi hushuka. Hiki hakishuki. Akamleta kwetu.

Nilipokuwa namvua Maimuna nguo, nyuma ya pazia, mama yake akaniinamia sikioni. "Dada, kuna jambo sikumwambia daktari. Naona haya."

"Nambia mimi."

"Mkojo wake. Mara nyingine watoka mwekundu."

Nikaenda nikamwambia daktari. Alisimama pale pale kwenye ukumbi, akasema, "Basi ni figo," kisha akaanza kushughulika.

Kulikuwa na dawa, na ipo mpaka leo ingawa imeboreshwa, inayodungwa mshipani, ikachujwa na mafigo, na inapopita mle huyafanya yaonekane kwenye picha. Bila ya dawa ile, figo kwenye eksirei ni kama mtu aliye nyuma ya pazia. Hospitali nzima ilikuwa na chupa mbili tu, na nyingine zangojea meli. Tukaitumia ya kwanza. Ikawa hasara tupu. Maimuna alichomwa mguuni, akalia kwa nguvu, akameza hewa, utumbo ukajaa upepo, na hakutulia hata mara moja. Nilikingojea kile kituo cha mwisho wa kilio, hakikuja. Bwana Mendes akazitazama filamu zilizotota, moja baada ya moja, zote mawingu matupu.

"Leo nimepiga picha ya upepo," akasema. Hakucheka, nami sikucheka.

Salim aliitwa. Daktari akamweleza kwamba angeweza kumpasua mtoto hivi hivi, maana uvimbe waonekana kwa mkono. Lakini hajui figo la pili likoje. Likiwa bovu, au halipo, kwani wako watu waliozaliwa na moja, basi kulitoa hili ni kumuua. Ipo chupa moja iliyobaki. Ikiharibika nayo, hakuna nyingine mpaka meli, na uvimbe haungojei meli.

Salim alifikiri. Akasema, "Daktari, sitaki mtoto wangu akatwe kwa kubahatisha. Mtieni hiyo dawa. Lakini mngoje apumzike kwanza."

Tukamngoja. Katika kungoja kule, Bwana Mendes alikuwa anafikiria upepo, na mimi nafikiria mtoto. Yeye alikuja na wazo ambalo sijui alilipata wapi. Akasema tumnyweshe soda. Tumbo lake la chakula litajaa hewa lifure, liusukume utumbo kando, na figo tutaliona kupitia ndani ya ile hewa kama kupitia dirishani. Daktari Mrefu aliposikia alitikisa kichwa muda mrefu, halafu akasema, "Jaribu. Ni jambo la busara."

Mimi kila siku nilikwenda wodini nikamchukua Maimuna, nikamleta kwenye meza ile mashine ikiwa imezimwa. Shangazi yangu alikuwa na mti wa asumini uani. Nilikuja na ua moja, nikamlaza mtoto, nikamwekea juu ya tumbo. "Ua limelala," nikamwambia. "Ukitikisika litaamka." Siku ya kwanza alilitupa. Siku ya pili alilitazama. Baada ya hapo ikawa yeye ndiye aulizaye, "Bi Zuhula, ua?" Herufi ya ra ilikuwa bado yamshinda. Nilimsikilizisha mngurumo wa mashine akiwa mapajani kwa mama yake, mpaka akawa anauigiza.

Siku yenyewe Salim alileta soda, ile ya chupa yenye gololi shingoni. Alikuja nayo ameifumbata kwa mikono miwili kama dawa ya Makka. Sindano ilimliza Maimuna, kama ilivyopasa. Kisha nikampa soda. Sidhani alikuwa amewahi kupewa soda peke yake. Alikunywa machozi yakiwa bado mashavuni, akapumua, akanywa tena. Nikamlaza. Nikaweka ua. Nilikuwa nimevaa aproni na zile glavu, nimeinama karibu na kichwa chake, mgongo wawaka, na nilikuwa naliona ua likipanda na kushuka. Mtoto alivuta pumzi, akaishika, akalitazama ua.

"Sasa," nikasema.

Akapiga. Tukabadilisha filamu, tukapiga tena. Bwana Mendes akaingia gizani, nami nikabaki nimemshika mtoto, ambaye alikuwa anauliza kama soda imekwisha.

Alipotoka, filamu yachuruzika maji, aliiinua penye taa na kuniita kwa kidole. Katikati ya weusi wa hewa ya tumbo, figo la kushoto lilionekana. Vile vikombe vidogo vya ndani, ambavyo huwa vimepangika vizuri, vilikuwa vimevutwa na kusukumwa chini, vimepindwa na kitu kikubwa kilichokaa juu yake. Na upande wa kulia palikuwa na figo dogo, safi, kamili, vikombe vyake vyote vimejaa.

Daktari aliiita familia. Mwanahamisi hakutaka kuingia palipo na wanaume, akakaa nje ukumbini. Salim aliitazama filamu kwa makini.

"Mtu yuwaishi na figo moja?"

"Yuwaishi," daktari akasema. "Hata hajui kama limepungua."

"Na mkilitoa hili bovu, ndiyo amepona?"

Daktari Mrefu alikuwa na sifa moja kubwa, alikuwa hajui kusema uongo kwa Kiswahili. "Sijui," akasema. "Wengine hupona. Wengine ugonjwa hurudi, zaidi kifuani. Kifua chake tumekipiga picha, leo ni safi. Ndiyo sababu nataka kukata."

"Hakuna dawa ya kuuzuia usirudi?"

"Iko mashine kubwa ya kuchoma uvimbe kwa miale. Iko ng'ambo. Huku hatuna, na safari ile mtoto aliyeshonwa haiwezi."

Salim akaomba mkewe aione picha. Nikaichukua, nikaenda nayo ukumbini, nikaiinua mbele ya dirisha. Mwanahamisi aliyaangalia mafigo mawili. Nikamwonyesha bovu, hakulitazama sana. Akaweka kidole karibu na lile la kulia, bila ya kuligusa.

"Hili ndilo litakalobaki?"

"Ndilo."

"Dogo."

"Dogo kwa kuwa mwenyewe ni mdogo. Litakua naye."

Akasema, "Haya." Akajifunika uso.

Siku ya upasuaji daktari aliichukua filamu yetu akaitundika dirishani mwa chumba cha upasuaji. Mimi sikuwamo. Nilikuwa na wagonjwa wangu, na kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Bwana Mendes alizisafisha birika ambazo hazikuwa chafu. Mchana muuguzi mmoja akapita akasema kwamba limetoka zima, halikupasuka, na mtoto yuwapumua. Bwana Mendes akakaa kwenye kiti, akavua miwani.

Msidhani wote walikuwa Maimuna. Katika miaka ile walikuja wengine, wenye mataya yaliyovimba, wenye macho yaliyogeuka meupe, wenye matumbo kama lake walioletwa wakati picha ya kifua ilikuwa imeshajaa. Nimewashika wote. Majina yao siyaandiki, kwa kuwa wazazi wa baadhi yao bado nakutana nao sokoni Marikiti na tunaamkiana vizuri. Lakini mwajua wenyewe kwamba jioni baada ya mtoto kama yule, aproni huwa nzito hata ukishaivua.

Kisha Bwana Mendes akakatwa kidole. Kidonda cha kidole kile, kilichokuwa hakiponi, kilikuwa kimegeuka saratani, na Daktari Mrefu ndiye aliyemkata. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyeupiga picha mkono wake, na yeye ndiye aliyenielekeza, akiwa mgonjwa na mwalimu kwa wakati mmoja. "Kaza kaseti," aliniambia, yaani lile bweta bapa la filamu. "Usinionee huruma, picha itatetemeka." Aliondoka kwenda kwa dada yake Unguja. Nilimsindikiza mpaka getini. Akaniambia, "Zuhura, watoto uwapige wewe mwenyewe. Huyu ajaye atakuwa fundi mzuri, lakini hajui kungojea." Ikawa kweli. Aliyekuja alikuwa kijana mpole kutoka bara, akaniachia watoto bila ya kuombwa.

Kwa hiyo Maimuna alipokuwa akirudi kupimwa kifua, mimi ndiye niliyekuwa nampiga. Alikuwa amenenepa, anakimbia ukumbini, ana kovu refu ambalo alimwonyesha kila mtu. Picha zilikuwa safi, na safi, na safi. Halafu ikaja moja isiyo safi.

Niliiona gizani, filamu ikiwa bado dawani. Chini ya pafu la kulia kulikuwa na kivuli. Nikasimama pale nimeishika, naisikia sauti ya Maimuna nje akihesabu matofali ya sakafu.

Daktari Mrefu aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ana kikohozi?"

"Mama yake asema wiki hii amekohoa kidogo."

"Huenda ni kichomi. Huenda ndio wenyewe umerudi. Picha moja haiwezi kuniambia. Tumpe dawa ya kifua, tumngoje, tupige tena."

Mwanahamisi alikuwa amenisubiri mlangoni. Alikuwa mtu mzima sasa, si yule msichana. "Bi Zuhura," akasema, "wewe umeiona. Usinizunguke."

"Kuna kivuli."

"Ndio wenyewe?"

"Hatujui. Kweli hatujui. Ingekuwa twajua ningekwambia."

Akaitikia kwa kichwa, akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko zile za kabla ya upasuaji, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Alasiri Mwanahamisi alikuwa akija kwetu Kuze na kisahani cha halua kutoka kwa mumewe, akikaa mkekani na shangazi na mimi. Hakuulizia picha. Alisaidia kushona kofia, akaaga magharibi. Mimi niliishona kofia moja kwa muda wote ule, na ikaharibika.

Tukapiga tena. Kijana wa bara akajitolea kuisafisha filamu, nikakataa, nikaingia mwenyewe. Nilitia barafu zaidi ya inavyohitajika. Picha ikajitokeza polepole kama kawaida yake, mbavu kwanza, kisha moyo, kisha mapafu. Nikangojea kile kivuli. Sikukiona. Nikaitia maji, nikaitoa kwenye mwanga, nikaigeuza huku na huku. Pafu lilikuwa jeusi na safi mpaka chini.

Daktari akasema, "Kichomi," akakaa chini.

Maimuna alirudi kwa picha nyingine baada ya hapo, zikawa kwa nafasi kubwa zaidi, mpaka asubuhi moja, miaka ile ikielekea mwisho wake, Daktari Mrefu aliitazama filamu, akamtazama Maimuna, ambaye alikuwa ameanza chuo na jino la mbele limeng'oka, akasema, "Basi. Ugonjwa huu ukirudi huwa hauchelewi hivi. Msimlete tena ila akiugua kama watoto wengine."

Nilidhani Mwanahamisi atalia, au atamshukuru Mungu kwa sauti. Alisema tu, "Ahsante, daktari," akatoka ukumbini. Nikamfuata nyuma kidogo, nimeshika nguo za mtoto. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, baina ya mzee mwenye mkono uliofungwa na mwanamke mjamzito. Ameegemeza kichwa ukutani, buibui limemteremka mabegani, na amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka shamba.

Maimuna alimtazama, akanitazama mimi. "Bi Zuhura, mama amelala."

"Mwache," nikasema. "Njoo uvae nguo."

Nikamvalisha, nikamkalisha kando ya mama yake. Mwanamke mjamzito akajisogeza kidogo ili bega la Mwanahamisi likae vizuri. Benchi lilikuwa limejaa na foleni yafika mlangoni, lakini hakuna aliyemwamsha. Nikarudi mlangoni mwa chumba cha eksirei, nikavaa aproni, na nikamwita aliyefuata kwa sauti ya chini.